Majembe ya Babu Benjamini

Imakulata alikuwa na mazoea yake, na watu wote wa nyumbani kwao Itetemia waliyajua. Akitoka shule, kiatu kimoja hubaki mlangoni na cha pili huishia katikati ya sebule. "Shikamoo mama, shikamoo bibi!" husema huku anatembea, na kabla hajaitikiwa marahaba, tayari yuko mbele ya kompyuta anabonyeza kitufe. Mama yake, Josepha, alichoka kumkumbusha lakini hakuacha.

"Rudi hapa, wewe! Salimia kama mtu. Uvue sare, uchote maji, ndipo uende kwa hiyo kompyuta yako. Haina miguu, haitakimbia."

Basi Imakulata hurudi kwa aibu kidogo, akapiga magoti mbele ya bibi yake kama wanavyofanya mabinti wa Kinyamwezi, akasalimia upya. Bibi Dafrosa hucheka mpaka mabega yanatikisika.

"Marahaba, mke mwenzangu. Haya niambie, leo umeniletea nini?"

Alimwita hivyo tangu alipokuwa mchanga. Babu Benjamini, alipokuwa hai, alizoea kumwita mjukuu wake "mke wangu mdogo", na bibi akajifanya kuona wivu. Huo ndio utani wa mababu na wajukuu, na katika nyumba ile haukuwa na siku ya mapumziko.

Sasa babu alikuwa amefariki, mwaka unakaribia kutimia. Jumamosi iliyokuwa inakuja kungekuwa na misa ya kumbukumbu kule kijijini Kwihara alikozikwa, kisha ndugu wote wangekuja Itetemia kula chakula. Baba, mwalimu Adriano, alimwuliza mama yake angependa wafanye nini zaidi. Bibi hakutaka kitenge kipya wala picha kubwa ya ukutani.

"Picha siioni vizuri, mwanangu, macho yangu unayajua," alisema. "Masikio ndiyo mazima. Nataka nimsikie akiimba. Basi."

Babu Benjamini alikuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo, na si manju wa kubahatisha. Msimu wa kupiga matuta ulipofika Kwihara, watu walilima pamoja shamba hili leo, shamba lile kesho, naye alitangulia mbele akiimba na wengine wakipokea. Mwaka wake wa mwisho shambani, mdogo wake Adriano aitwaye Modest, fundi wa kurekodi sauti huko Mwanza, alikuja na kinasa sauti kizuri akamrekodi pale pale kwenye matuta. Wimbo aliuweka katika kompyuta ya nyumbani na nakala nyingine katika flashi. Nakala aliyobaki nayo mwenyewe ilipotea pale kompyuta yake ndogo ilipoibwa stendi ya mabasi. Kwa hiyo sauti ya babu ilikuwa imebaki mahali pawili tu duniani, na pote pawili palikuwa Itetemia.

Shida ilikuwa kompyuta. Ilikuwa ya mezani, ya zamani, na kila ilipoambiwa icheze ule wimbo ilikwama. Babu alianza neno, akakatika, akaruka, akaanza tena kama mtu mwenye kwikwi. Baba akamwita Imakulata, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa katika klabu ya kompyuta pale shuleni, darasa la sita.

"Kazi hii ni yako, mama. Itengeneze hiyo mashine, Jumamosi wimbo utoke vizuri. Baba yako mdogo amesema ile ya kwenye flashi usiiguse. Ile ni akiba."

"Usijali baba," alisema Imakulata. "Niachie mimi."

Na kwa kweli alianza vizuri, tusimwonee. Alifungua sanduku la kompyuta akapuliza vumbi. Feni iliyokuwa ikivuma kama mashine ya kusaga ikatulia. Alifuta michezo ya zamani na filamu alizokwisha kuziona, nafasi ikapatikana. Akazizima zile programu zinazojiwasha zenyewe na kula nguvu za mashine bila mtu kuzituma. Alipoubonyeza wimbo, babu aliimba toka mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata mara moja. Imakulata akaruka juu kwa furaha.

Kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Lakini kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba. Aliusikiliza wimbo mara ya pili, safari hii kwa sikio la kutafuta kasoro. Akasikia "kwi! kwi!" nyuma ya sauti ya babu, vishindo vinavyokuja na kuondoka. Akasikia mtu anakohoa, na chuma kikigonga jiwe.

"Mh! Makelele gani haya?" alijisemea. "Baba mdogo alirekodi bila kusafisha."

Imakulata alizaliwa mjini. Kwihara alikwenda sikukuu tu, na sikukuu watu hawalimi. Hakuwahi hata siku moja kusimama kwenye shamba ambalo watu wanapiga matuta kwa wimbo. Akatafuta programu ya kusafisha sauti, akaionyesha vile vishindo, akaiamuru iviondoe. Mashine ikatii. Sauti ya babu ikabaki peke yake, laini, utadhani anaimbia ndani ya chumba kilichofungwa. Imakulata akaona amefanya jambo kubwa. Akauhifadhi wimbo ule mpya juu ya ule wa zamani, kwa jina lile lile, ili siku yenyewe mtu asije akakosea akafungua mbovu.

Halafu kulikuwa na ile flashi. Rafiki yake Tatu alikuwa amemwomba ya kuwekea nyimbo, kwani Sabiri, kaka yake huyo Tatu, alikuwa na kibanda sokoni cha kutengeneza simu na kuwawekea watu muziki. Ule wimbo wa babu ulikuwa mkubwa, umechukua nafasi kubwa ya flashi. "Wa nini tena huu, na mimi ninao uliosafishwa?" aliwaza Imakulata. Akaufuta, akampa Tatu flashi tupu.

Kesho yake jioni baba alitaka wajaribu kabla ya siku yenyewe. Mama alimshika bibi mkono akamketisha kwenye kiti kizuri, bibi akajifunga vizuri mtandio wake kana kwamba anapokea mgeni. Imakulata akabonyeza, akakaa pembeni akingoja sifa.

Babu akaimba. Bibi alifumba macho, midomo yake ikawa inafuata maneno. Baba alimtazama Imakulata akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wimbo ulienda mpaka ukafika mahali ambapo manju huacha kuimba na kuanza kuwaita wakulima wake kwa majina, mmoja mmoja.

"Ngollo!" aliita babu. Kimya.

"Shigela!" Kimya.

"Dafrosa!" Kimya kirefu, kisha wimbo ukaendelea.

Bibi alifumbua macho. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeamshwa vibaya.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza.

"Akina nani, mama?" alisema baba.

"Watu, Adriano! Majembe! Manju akiita jina lako unamwitikia kwa jembe, unalipiga chini mara mbili, na wenzako wanapokea. Ndiyo ngoma yetu hiyo, shambani hatuendi na ngoma nyingine. Mbona anaita na hakuna anayeitika?"

Bibi akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Mimi nilikuwepo siku ile. Aliponiita nilipiga jembe langu mpaka mpini ukanitoka mkononi, naye akacheka. Sasa ananiita mbele ya wanangu, nami nimenyamaza kama mke aliyenuna."

Machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta.

Imakulata akaelewa. Kumbe vile vishindo! Kumbe yale makelele alikuwa bibi mwenyewe!

"Imakulata," alisema baba taratibu. "Uliugusa huu wimbo?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini alimwona bibi analia, akamwona baba amesimama, akaogopa.

"Hapana, baba. Mimi nimetengeneza kompyuta tu. Ndivyo ulivyokuja kutoka kwa baba mdogo, na wa kwenye flashi ni huo huo."

Baba alimpigia Modest simu pale pale, na wote wakasikia. Alimweleza mambo yalivyo.

"Nina hakika majembe nilikuwa nayasikia siku ile," alisema Modest. "Sijui. Labda kinasa sauti nilikiweka karibu mno na mzee. Kama ni hivyo, basi kosa ni langu, kaka. Mniombee msamaha kwa mama."

"Mwambie nimesikia," alisema bibi, akageuza uso. "Huyu tangu utoto hamalizi kazi. Umtume maji, atarudi na ndoo nusu. Hata baba yake ameshindwa kumrekodi mzima!"

Maneno hayo yalimchoma Imakulata kuliko kofi. Baba mdogo Modest ndiye aliyemfundisha kushika kipanya, ndiye aliyekuwa akimtumia pipi za Mwanza ndani ya makasha ya spika. Na sasa anasemwa na mama yake mzazi, na anaomba msamaha wa kosa asilolifanya.

Chakula cha jioni alikigusa tu akakiacha. Kesho yake shuleni mwalimu alimwuliza swali akajibu la somo la jana. Wakati wa mapumziko Tatu alimjia anachekacheka, akamwambia Sabiri ataijaza ile flashi jioni hiyo hiyo, nyimbo kali tupu. "Mbona umepooza, shoga? Unaumwa?"

"Siumwi," alisema Imakulata. Huo nao ulikuwa uongo, maana moyo ulikuwa unamuuma hasa.

Aliporudi nyumbani viatu vyake vilikaa mlangoni vyote viwili. Bibi alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka anachambua karanga za Jumamosi. Mikono ilikwenda yenyewe, macho hayakuwa kwenye karanga. Imakulata alipiga magoti, akasalimia, akaitikiwa. Hakuinuka.

"Unaota mizizi?" aliuliza bibi. "Kaa basi, unisaidie."

"Bibi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Macho yangu ni mabaya, lakini si kiasi hicho."

"Ni mimi niliyeyaondoa majembe." Hapo machozi yakamshinda. "Nilidhani ni makelele. Niliyatoa kwa kompyuta ili babu asikike vizuri. Baba mdogo alirekodi kila kitu, bibi. Majembe yalikuwepo, na wewe ulikuwepo. Nimeufuta ule wimbo wa kwanza, na wa kwenye flashi pia nimeufuta. Halafu nikasema uongo."

Bibi aliiacha ile karanga aliyokuwa ameishika. Jogoo akapita, akadonoa karanga mbili tatu kwenye ungo, hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hiyo jana nilimsema mwanangu bure," alisema bibi hatimaye.

"Ndiyo, bibi."

"Josepha!" bibi aliita. "Lete simu!" Mama alipotoka nayo, bibi hakuipokea. "Mpe huyo. Ampigie baba yake mdogo, amwambie alivyoniambia mimi. Mimi nina la kwangu la kumwambia Modest, nitalisema baada yake."

Mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaelewa kuna jambo. Imakulata akapiga simu. Alisema yote bila kupunguza, huku mama akisikiliza na kushika kiuno. Alipofika kwenye flashi, Modest alimkatiza. Hakuwa na hasira; alikuwa na haraka.

"Ngoja. Flashi iko wapi sasa hivi?"

"Kwa Sabiri, sokoni. Anaijaza nyimbo jioni hii."

"Ameshaanza?"

"Sijui, baba mdogo."

"Kimbia! Sikiliza vizuri: ukifuta kitu kwenye flashi, huwa hakijaondoka. Mashine inafuta jina tu, inasema hapa ni wazi, anayetaka aweke chake. Sauti ya mzee bado imelala mle ndani. Lakini Sabiri akiweka nyimbo zake juu, ndiyo basi, hata mimi siwezi. Asiweke kitu! Asiifungue hata kidogo! Nakuja kesho, nitajaribu. Kimbia, mama!"

Imakulata hakungoja kuaga. Alichukua baiskeli ya mama iliyokuwa imeegemea ukutani, kubwa kuliko yeye, akakanyaga kwa kusimama mpaka sokoni. Watu walimpisha wakimwuliza kama kuna moto. Alifika kibandani jasho linamchuruzika, akamkuta Sabiri amekaa juu ya stuli, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Kaka Sabiri, shikamoo! Ile flashi... umeshaweka nyimbo?"

"Marahaba. Niweke na umeme gani, mdogo wangu?" Sabiri alilalamika. "Tangu saa sita mchana umekatika. Wateja wote wamenikimbia. Flashi yenu hii hapa, sijaigusa. Hasara tupu leo!"

"Asante! Asante sana, jamani!"

Sabiri alibaki ameduwaa. Katika miaka yake yote pale sokoni, hakuwahi kumwona mtu anayeshukuru umeme kukatika.

Modest alifika Ijumaa mchana kwa basi, na begi la nguo na jingine la nyaya. Kitu cha kwanza, bibi alimshika mikono yote miwili mlangoni. "Mwanangu, nilikusema vibaya mbele ya watu, na hukuwa na kosa. Nisamehe." Modest alijaribu kucheka, akashindwa, akamkumbatia mama yake. Imakulata alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Alitoka, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba mdogo. Nisamehe na mimi."

"Marahaba, msafishaji wetu mkuu," alisema Modest. "Inuka. Kosa la majembe nimelisamehe tangu jana. La kunibambikia, tutalizungumza mimi na wewe tukimaliza kazi. Flashi iko wapi?"

Waliketi wawili mbele ya kompyuta, na wengine wote nyuma yao, hata bibi aliyeleta kiti chake mwenyewe. Modest aliwasha programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa. Ikaanza kupekua taratibu mno. Katuni za zamani zikatokea. Picha za sikukuu zikatokea. Kisha nyingine zilizoharibika, hazifunguki. Imakulata aliuma kucha mpaka mama akampiga kikofi cha mkono. Hatimaye likatokea faili moja kubwa lisilo na jina la kueleweka, herufi tu zimechanganyika.

"Kwa ukubwa huu, sidhani kama ni katuni," alisema Modest. Kabla ya kulifungua alilihifadhi kwanza kwenye kompyuta ile, kisha kwenye flashi nyingine mpya, ndipo akabonyeza.

"Kwi! Kwi!"

Bibi aliguna, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Acha!" alisema mara. "Zima, Modest. Nisiusikie kipande kipande. Nitausikia kesho na wenzangu."

Basi jioni ile Modest na mtoto wa kaka yake wakaiandaa mashine kwa ajili ya kesho, na safari hii Imakulata aliuliza kabla ya kugusa. Modest alimwonyesha sehemu ambapo kompyuta yenyewe huongeza madoido bila kuombwa: kuzidisha besi, kuifanya sauti isikike kama ya ukumbini, kupunguza kelele. Wakazima yote. Wakaipanga mashine itoe sauti kwa kipimo kile kile kilichotumika kurekodi, ili isiigeuze sauti inavyotaka. Spika ndogo ya bila waya, ambayo Imakulata aliipenda sana, wakaiweka kabatini.

"Hiyo inaibana sauti ili ipite hewani," alisema Modest. "Wimbo wako wa kuchezea jikoni, sawa. Mzee atapita kwenye waya."

Wakaunganisha waya kutoka kompyuta hadi kwenye amplifaya na spika mbili kubwa. Imakulata alizisukumia pembeni kabisa, kwenye kona, ili wageni wapate nafasi. Modest akazirudisha mbele, mbali na ukuta, akazipandisha juu ya stuli mpaka zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa.

"Ukiziweka kwenye kona zinavuma, huwezi kujua jembe ni lipi na sauti ya mtu ni ipi. Njoo ukae hapa kwenye kiti cha bibi. Unasikia nini?"

Alicheza kipande kidogo cha mwanzo, bibi akiwa jikoni. Imakulata alifumba macho. Alisikia majembe kushoto, mengine kulia, udongo wenye maji ukishikwa na chuma, mtu akivuta pumzi.

"Nasikia kama niko Kwihara," alisema.

"Ndiyo kazi yetu sisi mafundi," Modest alisema. "Tunaiondolea mashine vikwazo, halafu tunaikalisha kimya iache watu waseme. Uliionyesha bibi yako ukaiambia huyu ni kelele. Yenyewe itajuaje? Haijawahi kulima. Wewe ulipaswa kuuliza."

"Niliona haya kuuliza. Kila mtu ananiita fundi."

"Mimi ni fundi mzee, na kila siku nauliza. Na kosa lako usimbambikie mwingine tena; hilo nalo nimelisamehe."

Jumamosi, baada ya misa na sala ya kaburini, ndugu waliijaza sebule ya Itetemia hadi wengine wakakaa barazani. Waliletewa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, wali na kuku. Mzee Ngollo alikuwepo, amevaa koti la suti juu ya kanzu yake, na amekaa karibu na bibi. Baba akaomba watu watulie. Imakulata akabonyeza.

Majembe yakaanza kabla ya mtu kuimba. Kisha sauti ya babu ikaja juu yake, pana, yenye pumzi, ya mtu aliyeinama na kuinuka. Wale wazee waliolima naye wakaanza kutikisa miguu wakiwa wamekaa. Wengine wakaupokea wimbo, na hakuna aliyewakataza.

"Ngollo!" aliita babu.

Kwi-kwi!

"Langu hilo!" mzee Ngollo aliruka. "Mnasikia? Lilikuwa na ufa!"

"Na ulichelewa," alisema bibi. "Hata siku ile ulichelewa." Watu wakaangua kicheko, na Ngollo akacheka kuliko wote.

"Shigela!"

Kwi-kwi! Jembe zito, la mtu mwenye nguvu. Mzee Shigela alikuwa amefariki miezi michache baada ya babu. Kicheko kikafa. Mwana wa Shigela, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa akaushika mwimo wa mlango.

"Dafrosa!"

Kwi-kwi! na chuma kikagonga jiwe, na mpini ukaanguka chini, na watu shambani wakacheka. Na katikati ya kicheko kile, karibu kabisa na kinasa sauti, babu Benjamini naye akacheka.

"Nipo, mume wangu," alisema bibi. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini sebule nzima ilimsikia. "Nipo hapa. Nimekuitikia."

Mama alilia waziwazi. Baba aliondoka kwenda kuangalia kama kuku wameiva, na kuku walikuwa wameshaliwa.

Wimbo ulipokwisha, bibi alimwita Imakulata aje mbele. Watoto wote wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mkeka, na bibi aliongea ili nao wasikie.

"Mjukuu wangu, kuyazima majembe hukukusudia. Ulitaka tufurahi, ukaharakisha, hukuuliza. Hilo ni kosa la mtoto anayejifunza, na kila anayejifunza atakosea. Ningelikasirika, kisha ningelimaliza. Lakini uliposema 'si mimi', ulinifanya nimchukie mwanangu niliyemzaa. Unaona uzito wake? Na kama ungenyamaza mpaka umeme urudi jioni ile, Sabiri angezipanga nyimbo zake juu ya babu yako, nami ningemzika mara ya pili, na safari hii ningekufa nikiamini Modest ndiye aliyekosea. Ulichokiharibu kiliokolewa kwa sababu ulisema mapema, ukiwa unaogopa. Ukikosea tena, maana utakosea, mwanangu, njoo useme siku hiyo hiyo. Hatutakupunguzia upendo kwa sababu hiyo."

"Nitasema, bibi," alijibu Imakulata. "Nitasema hata nikiogopa."

"Na sisi wakubwa," alidakia baba, akiwatazama watoto kwenye mkeka, "tutajitahidi kusikiliza kabla hatujafoka."

Bibi alimvuta Imakulata akamkalisha miguuni pake, mkono wake mmoja begani kwa mtoto na mwingine begani kwa Modest. Mzee Ngollo aliomba wimbo urudiwe, akidai safari hii wasikilize vizuri, hakuchelewa. Imakulata akainuka kwenda kuubonyeza.